Swali la Kumi na Mbili

Saa kumi na moja jioni, Dayton, Ohio.
Theluji ya Februari imeshaoana na matope,
nami nimevaa kipokea sauti chenye sponji iliyonyofoka
katika chumba cha chini cha jengo lililokuwa benki.
Hapa maoni hununuliwa kwa dakika.
Mimi ni mdomo wa kukodi.

"Mahakama imeamua," nasoma, "kwamba mwajiri
ambaye imani yake inakataza kuzuia mimba
asilazimishwe kulipia dawa hizo katika bima ya wafanyakazi wake.
Je, unakubali sana, unakubali kiasi,
unakataa kiasi, unakataa sana,
au hujui?"
Nimekatazwa kuongeza hata neno pole.

Maswali kumi na moja ya kwanza ni ya barabara na kodi.
Watu huyajibu huku wakikaanga vitunguu.
Wakifika hapa, jiko huzimwa;
nasikia kabisa, tik,
kisha kimya chenye pumzi ndani yake.

Verna Stoltzfus wa Kidron, mjane, sabini na tisa:
"Mtu akilazimishwa kutenda dhambi kwa hundi,
dhambi ni yake, au ya aliyemshika mkono?
Andika nakubali. Nakubali sana."
Kabla sijabonyeza:
"Nilizaa kumi na mmoja, binti. Nilizika wawili.
Kwa yule wa mwisho daktari alikuwa amekwisha kumwita mchungaji.
Hakuna aliyenipigia simu siku ile."
Nasubiri. Kompyuta haina kisanduku cha siku ile.
"Iache hivyo hivyo," asema. "Nakubali.
Lakini hilo *sana*, liondoe."

Delmar Pruitt, dereva wa lori, kati ya Lima na Findlay:
"Serikali isitie mguu kanisani!"
Nabonyeza moja.
"Na bosi asitie pua kitandani kwangu!"
Nabonyeza nne. Mashine inalia, inataka mtu awe mmoja.
Delmar anacheka hadi anakohoa:
"Hata mke wangu hutaka hivyo."

Sista Klotilda, mtunza hesabu wa nyumba ya wazee,
sauti yake kavu kama risiti:
"Wanatuambia ni sahihi tu, ni karatasi tu.
Yuda naye alipokea sarafu tu."
Kisha, polepole:
"Wasichana wanaowageuza wazee wetu usiku,
migongo yao naijua. Nawaombea kila mmoja kwa jina.
Najua kuomba si kulipa."
Nabonyeza alichotaka nibonyeze. Sikutaja ni kipi.

Yesenia Ocampo ananong'ona.
Yuko stoo, nyuma ya maboksi ya uzi na fremu za picha,
duka ambalo wenyewe husali kabla ya kufungua mlango,
na husali kweli, asema, si maonyesho;
mama mwenye duka alimletea supu alipougua.
Alipougua damu isiyokatika.
Vidonge vile vile. Havizuii mtoto, vinamzuia yeye kuanguka.
"Dola arobaini na mbili kwa mwezi. Supu ilikuwa nzuri."
Mlango unalia. Anakata simu.
Kanuni yasema: asiyemaliza, weka tano.
Tano ni *hajui*.

Wengi wape, walisema wahenga.
Niwape nini hawa, kila mmoja ni wengi peke yake?
Kesho watakuwa mchoro wa duara gazetini,
kipande cha buluu, kipande cha kijani,
na ule uzi mwembamba wa kijivu
ambao watu wa televisheni hawautaji.

Zamu imekwisha. Nachukua pochi,
navuta zipu juu ya pakiti yangu iliyobaki vidonge vinne.
Hapa tunapewa saa ishirini na nane kwa wiki;
bima huanza na thelathini.
Hakuna imani iliyonikatalia. Ni hesabu tu.

Msimamizi ananiita kutoka ngazini:
"Una tano nyingi mno leo. Huwabani vya kutosha."
Nje, kioo cha gari kimeganda.
Nakikwangua kwa kadi ya maktaba,
tundu la kunitosha jicho moja,
naendesha hivyo hivyo hadi nyumbani.